Mita Moja ya Muuza Mikate

Saa kumi na mbili asubuhi muuza mikate anafunga sanduku kwenye keria ya baiskeli, analitikisa, anakaza tena kamba. Kisha anachukua ufito wenye kitambaa chekundu kwenye ncha na kuufunga kwa mpira wa tyubu chini ya kiti. Umechomoza kulia, upande wa magari.

"Hii ndiyo bima yangu," anasema. "Dereva haogopi kuniua mimi. Anaogopa kukwaruza rangi ya gari lake."

Wateja wanamwita Mita Moja, kwa urefu wa ufito huo. Kila siku anapeleka mikate themanini kwenye vibanda kumi na vinne, kilomita tisa za barabara kuu ambayo magari hupita kama yanafukuzwa. Ukingo wa lami umemeguka. Ukitoka nje ya mstari mweupe, unaanguka; ukibaki ndani, unapigiwa honi na kutukanwa.

Mkate ni mwepesi, lakini sanduku ni pana. Lori likipita karibu, upepo wake hulivuta sanduku, na sanduku humvuta mtu. Ndivyo alivyokufa kaka yake, aliyemfundisha kazi hii, miaka miwili iliyopita. Muuza mikate alikuwa nyuma yake, hatua ishirini tu. Aliokota kiatu cha kaka yake.

Ripoti iliandika kwamba mwendesha baiskeli alipoteza mwelekeo. Lori halikutajwa.

"Chuma cha ukingoni mwa barabara kilichopindwa na lori siku ile kilibadilishwa baada ya siku nne," anasema mkewe, fundi cherehani, aliyeshona kile kitambaa chekundu. "Kipya, kinang'aa! Shemeji yangu kaacha watoto watatu, na hakuna aliyekuja hata kutupa pole. Chuma kilikuwa na mwenyewe. Yeye je?"

Jumatatu iliyopita askari wa barabarani alimsimamisha. Dereva mmoja alikuwa amelalamika kwamba ufito umegusa kioo chake cha pembeni.

"Fimbo hii ni hatari kwa watumiaji wa barabara."

"Na mimi ni mtumiaji wa nini, afande?"

"Usinijibu hivyo."

"Nakujibu kwa heshima, afande. Kioo chake kimepita kwenye kiwiko changu. Basi kagua na kiwiko."

Askari aliuvunja ufito gotini, akatupa vipande mtaroni. Dereva akaondoka na kioo chake kizima. Muuza mikate alimaliza safari kwa miguu, akisukuma baiskeli, na vibanda sita vya mwisho vilikuwa vimeshauza chai kavu, bila mkate.

"Leo Mita Moja umekuwa Sentimita!" alimtania mama mmoja wa kibandani. Kisha akamshikia baiskeli ashushe mikate.

Tangu siku hiyo anazunguka na daftari. Wauza maziwa, mafundi, vibarua na wanafunzi, wote wa baiskeli, wameandika majina yao: mia moja na kumi na wawili hadi sasa. Wanataka njia yao pembeni ya lami, yenye upana wa mita moja. Ijumaa atalipeleka daftari hilo ofisi ya barabara, akiwa amevaa shati la kaka yake.

"Kaka yangu walimpa mita mbili, tena hakuomba," anasema. "Mimi naomba moja, nikiwa hai."

Anapanda baiskeli. Ufito wa leo ni mpya, ameukata mwenyewe. Umezidi ule wa zamani kwa kiganja kizima.