Kisa cha Toroli Kilichompa Mtani Filimbi

Jumatatu, tarehe 14 Machi mwaka huu wa 1955, saa mbili asubuhi, Manase alifungua kinywa kwenye benchi nje ya ofisi ya kampuni moja ya mkonge hapa Tanga. Angalikifumba, leo angekuwa msimamizi.

Walikuwa wawili, nafasi moja. Mwenzake ni Ernesti, Mnyamwezi. Manase ni Mbondei. Watani hao.

"Hebu jizoeze kwangu, mtani," Ernesti akamwambia. "Bwana meneja akikuuliza siku ya hatari ulifanya nini, utajibuje?"

Manase akasimulia. Mwaka juzi toroli la majani ya mkonge lilikatika kamba mteremkoni, likawaelekea akina mama waliokuwa wakianika nyuzi. Yeye akatupa mzigo wa majani relini, toroli likapinduka. Hakuumia mtu.

Ernesti akaitwa kwanza. Zamu ya Manase ilipofika, meneja alimsikiliza kidogo, akacheka. Karani Idarusi akatafsiri: "Anasema kisa hiki amekwisha kukisikia sasa hivi, tena kwa mwenyewe."

Mwenyewe! Siku ya toroli Ernesti alikuwa kalazwa hospitali kwa homa. Daftari la mahudhurio lilikuwa pale pale mezani. Lakini wakubwa wetu ndivyo walivyo: wakitaka kukukata mshahara hulifunua, wakitaka kumpandisha mtu cheo hulikalia.

Leo, jua halijachomoza, Manase amesimama wima mbele ya dada yake, Praxeda, huko Mabawa. Praxeda amekaa kigodani, akijifanya meneja. Tarehe 6 Juni kuna nafasi nyingine.

"Haya, siku ya hatari ulifanya nini?"

"Bwana, mimi..." Anakwama.

"Kaka, ukikwama kwangu, kwa Mzungu si utazimia!"

Manase ana miaka kumi na minne katika mkonge. Mkewe, Beatrisi, alifariki mwaka 1952. Watoto wao watatu wanalala kwa Praxeda, maana chumba cha baba yao kambini kinalala wanaume watano. Msimamizi hupewa nyumba ya vyumba viwili. Aliyefiwa na mke anajua uchungu wa watoto kulala kwa watu.

"Kila asubuhi napita mlangoni kwa Ernesti," anasema. "Hana mke, hana mtoto, chumba cha pili kafugia kuku! Na filimbi ile ya msimamizi, ndugu mwandishi, ilikuwa ya shingo yangu."

Ernesti nilimkuta akiipuliza. "Ala! Mtani kanuna? Mtani akichukua kuku wako, unacheka. Nami kisa nilikiokota benchini."

Kambini wote wakacheka. Nani atamshitaki mtani?

Idarusi amemshauri Manase atafute kisa kingine.

"Nikitoe wapi?" anauliza. "Nikakate kamba ya toroli mwenyewe?"

Hana kingine. Amekusudia kukisema kile kile, walifunue daftari au wamwite mwongo. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kuku. Je, na siku ya mtu pia?