Salamu Nilizoiachia Mashine

Binti yangu aliponiuliza salamu tuzifanyeje, nilipaswa kumwambia tusiziguse. Nilimwambia mashine izijibu. Natamani ningekataa, maana miongoni mwa walionisalimu kila asubuhi alikuwemo dada yangu mkubwa, aliyebaki kwetu juu mlimani.

Binti yangu na wenzake wamepanga chumba hapa Morogoro mjini, wanatengeneza programu. Walikuwa wameunda zana ya kuwawezesha mawakala wa akili mnemba, yaani mashine zinazofanya kazi kwa niaba ya mtu, kusoma na kujibu ujumbe kwenye jukwaa la kuchati. Waliilenga kwa wauza mboga wa Mlali, ambao simu zao hazipumziki. Zana ilikuwa tayari, ila haikuwa na maelekezo. Mimi niliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na binti yangu anaamini naandika Kiswahili kisichopinda.

"Baba, haya hayasomwi na watu," aliniambia. "Anayasoma wakala mwenyewe. Ukiandika anyamaze, atanyamaza. Usipoandika, atabuni."

Niliipenda kazi ile. Nilieleza zana inafanya nini na isitumike lini. Niliandika: "Usitaje bei ambayo mwenye simu hajaitaja." Mwenzake mmoja, msichana mcheshi, alisoma akacheka. "Mzee, hii ni hati ya ndoa au maelekezo?"

Tulifanya majaribio kwenye simu yangu. Kila mtu aliponiandikia habari za asubuhi, wakala aliniita kwa mlio wa simu.

"Shikamoo zako zinakula chaji, mzee wangu," msichana alisema. "Hivi hawa watu wako hawana shughuli?"

"Wana adabu," nilimjibu. "Wewe hujanisalimu tangu uingie."

Wakacheka wote. "Sasa tuzifanyeje, Baba?" binti yangu akauliza.

Jibu nililijua. Utotoni tuliitana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, bonde zima katikati. Aliyeita hakutaja shida yake mpaka salamu imrudie, aisikilize, ajue kwamba wa ng'ambo amesimama kweli kumsikia. Dada ndiye aliyenifundisha. Nilipokurupuka kusema jambo kabla ya salamu, alinigeuzia mgongo akaendelea kulima.

Lakini mbele ya vijana wale niliona haya kuonekana mtu wa zamani. Nikaandika: "Ujumbe wa salamu tupu, ujibu kwa heshima kwa niaba ya mwenye simu. Usimwite mpaka mtumaji ataje jambo."

Simu ikatulia, nami nikajisifu. Majaribio yalipokwisha sikumwondoa wakala, maana nilishauzoea utulivu. Dada alikuwa akipanda hadi nyuma ya kanisa, unakopatikana mtandao, akiniandikia kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nikiiona alama kwamba amejibiwa, ninaendelea na chai yangu. Sikufungua. Nilijiambia kwamba dada yuko salama, angekuwa na neno angelisema.

Kisha binti yake akanipigia simu. Dada amefariki.

Tulimzika karibu na mama, upande wa juu wa matuta yake ya njegere, ukungu ukipita kati yetu. Watu walipotawanyika, mpwa wangu aliniketisha kizingitini.

"Mjomba, nisamehe, lakini nikuulize. Mama alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Alikuwa anaumwa muda mrefu. Hospitali tulimbembeleza, akakataa. Akasema akishuka mlima huu, atashuka na mdogo wake. Nikamwambia basi mwambie. Akasema, 'Ananijibu kila asubuhi, ila hataki kuniuliza.'"

Nilitoa simu nikasoma pale pale. Asubuhi zote zilifanana.

"Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu."

"Milele amina. Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Habari za nyumbani?"

"Tupo."

"Vizuri sana dada. Uwe na siku njema."

Dada alipokuwa mzima hakusema "tupo" akaishia hapo. Angetaja kuku, mvua, kabichi za jirani. "Tupo" peke yake ilikuwa inangoja mtu aulize, "Mpo namna gani, dada?" Mimi ningeuliza. Mtoto yeyote wa mlimani angeuliza. Mashine haikuuliza kwa sababu haikuandikiwa iulize, na mwandishi nilikuwa mimi. Siilaumu. Ilikuwa na adabu kuliko mimi.

Nilimweleza mpwa wangu ukweli wote. Akasema, "Kwa hiyo aliyekuwa anamwitikia 'Milele amina' hakuwa wewe." Nikasema hakuwa mimi.

Sentensi ile nimeifuta. Mahali pake nimeandika kwamba salamu apelekewe mwenye simu mwenyewe. Binti yangu aliposoma alinishika bega.

Siku hizi watu wakinisalimu huwajibu mmoja mmoja, na nauliza hata nisichohitaji kujua. Asubuhi nakaa barazani nikiitazama milima yetu ya Uluguru, nikiitamani ile "Tumsifu Yesu Kristo" yake ya kidole kimoja. Haiji. Uamuzi ule ulinigharimu dada yangu. Aliugua akinisubiri nimuulize, akafa akiamini kwamba nilimsikia nikanyamaza.