Melkizedeki Aliyeandikiwa Kutembea

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Hapana, nasema uongo, ilikuwa sabini na nne, maana tulikuwa tumeshahamia kijijini hapa Rungwa, nyumba zimepangwa mistari. Mwaka huo jirani yangu Melkizedeki, mrina asali, alianguka mtini akitundika mzinga. Akapelekwa kwa lori hospitali ya mbali, akapasuliwa uti wa mgongo.

Alirudi amekonda, lakini anatembea, na sisi tukasema huyu kapona. Hapo ndipo tulipokosea. Daktari alikuwa amemwambia: "Tembea kila siku, ongeza kidogo kidogo. Usilime, usibebe ndoo mpaka masika yapite. Kupanda juu ya miti usikuwaze mwaka huu. Na hata ukipona, usitegemee mgongo ule wa zamani."

Basi akatembea. Akikaa kidogo mguu unakufa ganzi, anainuka. Kwangu hakuwahi kumaliza uji. Sisi tumeinamia majembe shamba la kijiji, yeye huyo anapita njiani mikono mitupu, anarudi, anapita tena.

"Ndugu Melkizedeki!" mwenyekiti wetu, Mazengo, akamwita. "Miguu ya kuzurura unayo, ya kulima umeiacha hospitali?"

"Nimeandikiwa kutembea, mwenyekiti."

"Uuwii, dawa tamu hiyo!" Felista akadakia kutoka tuta la pili. "Mwambie daktari wako na mimi naumwa huo huo."

Shamba zima likacheka.

Kesho yake akaja na jembe. Mkewe, Damari, nyuma yake: "Baba Lazaro, rudi. Baba Lazaro, nasema na wewe!" Hakugeuka. Alilima nusu tuta, akasimama, akaliegemea jembe kama mkongojo. Alipotaka kupiga hatua, mguu wa kushoto ukakataa kumfuata. Tuling'oa mlango wa ghala, tukamlaza juu yake, tukambeba mpaka kwake.

Jioni Damari alikwenda kwa Mazengo.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ukitaka mkulima, nipo mimi. Yule mkimlimisha tena, mtamlisha ninyi maisha yake yote."

Mazengo alijikuna shingo. Mtama ulikuwa unaweka punje, na ndege walishaanza kuushukia.

"Kulinda ndege kuna kuinama?"

"Hakuna."

"Basi akipata nafuu atembee huko huko mtamani, watu wamwone ana kazi."

Melkizedeki alianza upya kama mtoto: kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, siku nyingine anashindwa hata hapo na kumgombeza kila mtu. Mtama ulipokaribia kukomaa alikuwa anauzunguka wote, anapiga debe, hatulii. Nilikuwa nikimsindikiza. Kila tulipofika upande wa porini, kwenye miti ya mizinga yake, alipunguza mwendo, anasikiliza nyuki.

Siku moja nikamuuliza. Aliangalia juu kwenye mizinga, kisha akapiga debe lake, ndege wakaruka, naye akaendelea na mzunguko. Sikumuuliza tena, ila swali lenyewe ninalo mpaka leo: siku daktari akikuruhusu, Melkizedeki, utapanda mtini tena?