Nilivyowanyamazisha Wakisi wa Mama Yangu

Nimekosa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Msinipe pole, nisikilizeni kwanza.

Miaka ile redio binafsi zilipoanza kuota kama uyoga, nilipata kazi ya utangazaji kwenye redio moja hapa Kyela. Baba yangu ni Mnyakyusa wa Makwale. Mama ni Mkisi, mfinyanzi wa vyungu kule Lyulilo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Kazini walimjua baba tu, upande wa mama niliuficha. Jamani, ujinga huu!

Sheria ilitaka tutangaze kwa Kiswahili, basi kila kundi tukalipa kipindi chake kwa nyimbo na salamu. Asubuhi Wanyakyusa, mchana taarabu kwa wenye maduka mjini, kisha kwaya kwa wanaovuka kwenda Malawi. Wakisi walikuwa na jioni: ngoma zao, na matangazo ya misiba. Mwambao ule ndugu wametawanyika na mitumbwi, bila redio utawapataje?

Siku moja mkurugenzi akaniita.

"Dada, jioni nataka bongo fleva, matangazo ya biashara yanafuata vijana. Nitoe kipindi gani? Nishauri vizuri, ukuu wa vipindi utakuwa wako."

Sikumeza hata mate. "Toa cha Wakisi. Wale na redio wapi na wapi? Wanajua vyungu tu."

Mungu wangu! Vyungu hivyo hivyo ndivyo vilivyonisomesha!

Nikamwomba neno hilo libaki kati yetu. Akasema, "Ondoa shaka."

Kipindi kilipofutwa, wazee wa Lyulilo wakaja kulalamika, mama mkubwa akiwemo, dada yake mama. Nikajikausha pembeni. Mkurugenzi akaninyooshea kidole mbele yao wote: "Msinilaumu mimi. Huyu binti ndiye aliyesema mnajua vyungu tu."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa angeweza kusema huyu ni mwanetu. Hakusema. Aliniambia "Ndaga" kwa Kinyakyusa, kama anayemshukuru mgeni, wakaondoka.

Na ukuu wenyewe? Akapewa shemeji yake! Nilipomkumbusha ahadi alicheka, nyoka yule.

Miezi ikapita, mjomba akafariki. Mimi niko studio napiga bongo fleva, sina habari. Nilisikia sokoni, nikakimbilia Lyulilo, nikakuta wameshazika. Nikamlilia mama: "Mbona hamkunitangazia?"

Akaendelea kuosha masufuria ya msiba. "Tungekutangazia redio gani, mwanangu?"

Ndugu zangu, bosi akikuuliza nani anyamazishwe, usikimbilie kujibu ili akupende. Atakugeuka, na hasira ya kugeukwa itakuisha, mimi imeniisha. Lakini la mama yangu haliishi: ananipikia, ananicheka, ananiombea. Ila zamu yangu hewani ikifika, anazima redio.