Mashua Yenye Jina la Mama

Watu wa Keumbu walimjua Ombok kwanza kwa namna alivyosalimu mbao kabla ya watu. Akifika mlangoni aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, ndipo akatoa mkono.

Alikuwa seremala wa vitanda, mzaliwa wa ziwani. Katika ua wa Mama Bosibori, aliyempangisha chumba, alikusanya mashua kuukuu zilizotupwa na wavuvi, akazifufua.

"Jaluo, huku milimani utavua ndizi?" vijana wa sokoni walimchokoza.

"Nitaanza na wewe," alijibu. Akacheka nao, ila moyoni palimchoma.

Mashua moja ilikuwa ya marehemu baba yake, iliyopewa jina la mama yake, Adhis. Matanga yalipokwisha tu, kaka zake waliiuza, ikaishia Kiogoro kuwa hori la ng'ombe. Ombok aliikomboa kwa kumchongea mwenye ng'ombe hori jipya, lakini ng'ombe walikuwa wamelamba chumvi ubaoni hadi jina likafutika. Adhis, ambaye siku hizi haketi bila kushikiliwa, alituma neno: "Niione ikielea. Picha sitaki."

Ombok akabadilisha mbao zilizooza, akatia kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta na kushindiliwa katika kila ufa ili maji yasipenye. Jumapili alfajiri lori la Anyona, mfanyabiashara wa ndizi, lingeipeleka ziwani. Ijumaa akaenda mjini kutafuta rangi ya kuandikia jina.

Aliporudi, jua lilikuwa limetua na ua unang'aa. Ijumaa nyumba za Wasabato husafishwa zote.

"Mwanangu, panya walikuwa wamejaza matambara kwenye boti lako," Bosibori alisema kwa furaha. "Nimeyang'oa yote na kuyachoma."

Ombok alipitisha kidole katika ufa mtupu. Kikatokeza upande wa pili.

"Asante, mama," akasema. Akainua nyundo.

"La! Sabato imeingia. Hapa kwangu nyundo hailii mpaka jua la kesho litue."

Jumamosi kutwa alikaa ndani ya mashua, nyundo mapajani. Chakula alicholetewa kilipoa. Alasiri dada yake akapiga simu: mama amekwisha kuvaa gauni la kanisani, tangu asubuhi, na hataki livuliwe mpaka aione mashua.

Kundi la waimbaji lilipita barabarani likitoka ibadani. Ombok hakugeuka. Alikuwa akilitazama jua, lililokuwa bado juu ya migomba, kama mgeni asiyejua kuaga.