Siku Vernita Aliponiomba Niseme Nilichosikia

Vernita Goolsby hapiki kuku nyumbani kwake. Amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kuku cha hapa Tolliver, Alabama, amesimama kwenye mkanda unaotembea akitenganisha mapaja na migongo, na hataki harufu yake ivuke mlango wake. Mgeni akija humkaangia kambare. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena kwa sababu ya baridi ya mle ndani, kwa hiyo hushika uma kama mtoto anayejifunza kushika penseli. Ukimtazama sana atakuambia, "Unaangalia nini? Hivi vidole vimelisha nusu ya Marekani."

Nimemjua tangu watoto wetu wakiwa na miaka sita, wake Marquel, wangu Trevell. Mimi ni mpishi wa shule. Masomo yangu yaliishia darasa la kumi, na tangu nikiwa msichana nimekuwa mtu wa hofu. Nikiondoka nyumbani hurudi mara mbili kuangalia jiko ambalo nimeshalizima. Vernita hunicheka. "Shoga, wewe ukifika mbinguni utamuuliza Petro kama amefunga geti."

Mpira wetu ni ule wa kubeba mikononi na kuangushana. Marquel alikuwa mrushaji, yule ambaye kila mtu anamtazama. Trevell alizaliwa mkubwa na akazidi kuwa mkubwa, basi kazi yake ikawa kusimama mbele ya Marquel na kuwazuia wanaotaka kumwangusha. Miaka minne ya sekondari walicheza hivyo. Mwaka mume wangu alipofariki, Vernita ndiye aliyenunua viatu vya Trevell vya kuchezea, namba kumi na sita, vya kuagizwa. Nilipotaka kumshukuru alinikatiza. "Sikununulii wewe. Nanunua bima ya mwanangu."

Januari ya mwaka wao wa mwisho, Kocha Haskell alikuja kula kwa Vernita Jumapili baada ya ibada. Alikuwa kocha msaidizi wa chuo kilicho saa tatu kutoka hapa kwa gari, na alikuwa anawataka wote wawili. Kwetu hivi ndivyo inavyokwenda: kocha akimtaka mtoto wako, atakuja kukaa mezani kwako. Mimi nilileta makaroni ya jibini na mboga za majani zilizochemshwa na bata mzinga wa moshi. Kocha alishikana mikono nasi tukaombea chakula, akafumba macho kweli kweli, akala sahani tatu. Alimwita kila mmoja kwa heshima yake, Bi Vernita, Bi Roselle, na alijua hata jina la marehemu mume wangu.

Vijana walipotoka nje kurusharusha mpira, tukabaki sisi watatu jikoni. Mimi nilikuwa nafunga chakula cha Kocha cha kubeba. Akamwambia Vernita kwamba wapo wafanyabiashara wanaoipenda timu, kwamba sheria sasa inawaruhusu wachezaji kulipwa kwa majina na sura zao kutumika kwenye matangazo, na kwamba Marquel atapata dola elfu themanini kwa mwaka, kuanzia Agosti.

"Elfu themanini," Vernita alirudia polepole. "Na hiyo nitaiona kwenye karatasi?"

"Karatasi zitafuata akishajiunga, Bi Vernita. Mimi nakupa neno langu."

"Neno lako nimelisikia. Nauliza karatasi."

Uso wangu ulipata moto. Mtu ameomba baraka mezani kwako, halafu unamdai aandike kama muuza magari! Na nilikuwa namfikiria Trevell. Yeye hakuahidiwa chochote isipokuwa masomo ya bure, na masomo ya bure kwangu ilikuwa kila kitu. Niliogopa Kocha asije akaudhika akatuacha sote. Nikamgusa Vernita kiwiko. "Vernita, mwache mgeni amalize kula."

Kocha akacheka. "Asante, Bi Roselle. Mmoja wenu ananihurumia."

Vernita akanitazama, akatikisa kichwa, akamkatia kipande cha pai. Hakuuliza tena. Kosa hilo la kwanza ni langu.

Agosti ikaja, hakuna kitu. Marquel alipewa dola elfu tatu za kuhamia, akaambiwa nyingine ziko njiani. Septemba akaambiwa mfanyabiashara mmoja amejitoa. Halafu akaambiwa aende kusaini kofia kwenye duka la matairi, ambako alisaini kofia kwa muda wa saa nne akapewa vocha ya matairi, naye hana gari. Vernita alinisimulia haya kwa kucheka, lakini nilimjua. Alipokuwa na wasiwasi kweli alicheka kwa pua tu.

Timu ilikuwa inashinda. Mechi nne, tumeshinda zote nne, kwa mikono ya Marquel. Trevell alikuwa benchi. Sisi akina mama tulikaa sehemu moja jukwaani, kila mmoja amevaa beji kubwa yenye picha ya mwanawe kifuani. Beji ya Vernita watu waliomba kupiga nayo picha. Yangu hakuna aliyeiuliza.

Sheria inasema mchezaji akiishia mechi nne, mwaka huo hauhesabiki, anaweza kuuhamishia chuo kingine. Kwa hiyo baada ya mechi ya nne Marquel alipata wakala, na wakala akaomba kikao cha simu na mkuu wa michezo wa chuo. Kitu kimoja tu: je, ahadi ilitolewa au haikutolewa? Kocha Haskell alisema hakutaja kiasi chochote, siku yoyote, kwa mtu yeyote.

Kikao kilikuwa Jumatatu. Jumapili mchana simu yangu ililia, nikaona jina la Kocha Haskell.

"Bi Roselle, hujambo? Nilitaka nikwambie mwenyewe. Kijana wako anafanya kazi nzuri sana. Jumamosi ataanza."

"Ataanza? Trevell?"

"Ataanza. Vaa ile beji yako."

Hakusema lolote zaidi. Ningependa kuwaambia kwamba alinitisha, au aliniomba nifiche. Hakuniomba. Aliniambia habari njema akakata simu, mengine yote niliyafanya mimi.

Jumatatu Vernita alinipigia akiwa kwenye mapumziko kiwandani. Nilisikia mashine nyuma yake. Akasema wote wako kwenye simu hii hii: wakala, mkuu wa michezo, na Marquel.

"Roselle, ni wewe tu tuliyekuwa naye pale. Sitaki unipambe. Waambie tu ulichosikia siku ile jikoni kwangu."

Mkuu wa michezo aliongea kwa upole. "Mama, chukua muda wako. Ulisikia Kocha akitaja kiasi cha fedha?"

Nilikuwa nimesimama kwenye stoo ya jiko la shule, mbele ya makopo ya maharage. Niliyasoma maandishi ya kopo moja mpaka mwisho. Kisha nikasema, "Nilikuwa naosha masufuria. Maji yalikuwa yanamwagika kwa kelele. Sikusikia vizuri."

Nikasikia mashine za kiwandani.

"Roselle," Vernita alisema. Mara moja tu.

"Sikusikia vizuri, Vernita."

"Haya," akasema. "Kengele imelia. Narudi kwenye mkanda."

Jumanne Marquel alitangaza kwamba ameacha timu. Kufikia mchana mji mzima ulikuwa na neno la kusema. Pale kwa kinyozi walisema mtoto ameacha wenzake vitani kwa ajili ya pesa. Kwenye kituo cha mafuta mtu alimwambia Vernita dirishani, "Mama, umemuuza kwa bei gani?" Watu waliokuwa wakimpigia makofi wiki iliyopita waliandika kwenye simu zao maneno nisiyoweza kuyaandika hapa kuhusu kijana wa miaka kumi na tisa. Na watu wazima wenye akili zao walinieleza mimi, jikoni kwangu shuleni, kwamba vijana wa siku hizi wana tamaa. Nilipakua maharage, nikasema, "Kweli."

Jumamosi nilivaa beji. Trevell alianza. Alicheza vizuri, na nilitaka kufurahi, nikawa napiga makofi kabla ya wakati na baada ya wakati. Mrushaji mpya alikuwa mwana wa mama mmoja aitwaye Janine, mtu mkarimu, ambaye hugawa blanketi jukwaani. Kiti cha Vernita kilikuwa kati yetu, tumekiwekea mikoba.

"Mimi simlaumu mtoto," Janine alisema. "Namlaumu mama. Eti elfu themanini! Ameitoa wapi hiyo hesabu?"

Mama mwingine akadakia, "Ameihesabu kwa mapaja ya kuku."

Wakacheka. Nami nikacheka. Si sana, lakini meno yangu yalionekana.

Trevell alikuja nyumbani Novemba, sikukuu ya Shukrani. Alikula kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii. Kisha akasogeza sahani.

"Mama, Marquel anasema ulikuwepo."

"Wapi?"

"Usinifanyie hivyo. Anasema ulikuwa unafunga chakula cha Kocha mezani. Wala hukuwa karibu na sinki."

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Ulisikia au hukusikia?"

"Nilikuwa nakufikiria wewe, mwanangu."

"Sijauliza ulikuwa unamfikiria nani."

"Nilisikia," nikasema.

Aliinamisha kichwa, yule mtoto mkubwa kama mlango, nikaona mabega yake yanashuka. "Ningekaa benchi, Mama. Ningekaa benchi miaka minne. Ungeniuliza."

Kesho yake nilikwenda kwa Vernita. Alikuwa barazani amevaa buti za mpira na wavu wa nywele, anasubiri muda wa kwenda kazini. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza. Nikamwambia yote: simu ya Jumapili, makopo ya maharage, mpaka kicheko cha jukwaani. Nikamwambia niko tayari kumpigia mkuu wa michezo saa ile ile, simu hii hapa mkononi.

"Umechelewa," alisema. "Wamemalizana. Marquel amesaini kwamba hawadai na wao hawamdai. Anakwenda chuo kimoja Kansas. Hawakumwahidi kitu, na safari hii mimi nimekubali asiahidiwe kitu."

"Nitamwambia nani basi? Niambie, Vernita. Nitasimama kanisani."

"Simama." Aliinua mfuko wake wa chakula. "Mimi sitakuwepo. Nimehamia zamu ya Jumapili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumapili kiwandani watu wanatazama kuku." Akapita pembeni yangu akashuka ngazi, na kabla ya kufunga mlango wa gari akasema, bila ukali, kama mtu anayekumbusha jambo la nyumbani, "Ulinigusa kiwiko siku ile, Roselle. Karatasi ningeipata."

Jumapili, wakati wa matangazo, niliinua mkono. Mchungaji akanipa nafasi. Mwanzoni nilitaka kutangaza tu mauzo ya keki ya akina mama nikae. Lakini nikasema. Nikasema nilikuwa jikoni, nilisikia elfu themanini, nilisikia Agosti, nilimsikia Vernita akiomba karatasi na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nikasema nilidanganya kwenye simu kwa ajili ya nafasi ya mwanangu. Niliongea nikitazama safu ya tatu, upande wa dirisha, ambako Vernita hukaa. Walikuwa wamekaa watu wengine, familia ya wageni, wakinitazama kwa adabu bila kuelewa.

Nilipomaliza nilitegemea mtu azome. Nilimtegemea yule wa kituo cha mafuta, ambaye alikuwa nyuma kabisa kando ya mkewe, angalau yeye aondoke. Badala yake mtu mmoja akasema "Amina," na mwingine "Amina, dada," kisha makofi yakaanza kama mvua, na Mchungaji akanishika mabega akawaambia kwamba leo tumeona ushujaa.

Baada ya ibada walipanga mstari kunisalimia. Wakanikumbatia, wakanibusu mashavu. "Dada Roselle, umenigusa." "Ni wangapi wangeweza?" Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la Vernita, wala aliyesema atapita kwake jioni, na wengi wao nilijua waliyoandika Oktoba. Yule wa kituo cha mafuta alinipa mikono yake yote miwili, macho yana machozi.

Muda huo Vernita alikuwa kwenye mkanda, zimebaki saa tano za zamu.

Nilisema asante. Kila aliyenishika mkono nilimwambia asante, mpaka mstari ukaisha.