Rangi ya Midomo Yake

Mtoto mchanga akilala, watu wenye akili zao humwacha alale. Mimi nilikuwa namwamsha. Nafunua kitenge, namshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, naangalia ndani, kisha nageukia kucha za mikono, kisha namvua soksi niangalie nyayo. Nikikuta kila kitu ni chekundu nasema "gatuku," namfunika, narudi kwenye vyombo. Sijamaliza kusugua sufuria, nimesharudi kitandani.

Gatuku ni Kinyarwanda, maana yake kitu kidogo chekundu. Sikuwa namwita mtoto. Nilikuwa najijibu mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani na nimezoea kutamka vipimo kwa sauti ili visinipotee kichwani.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mtoto aliyemtangulia, wa kiume. Yeye alizaliwa wa bluu. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Midomo yake, ncha za vidole, ngozi ya kuzunguka macho, vyote vilikuwa na rangi ya zile sare za shule za wasichana nilizokuwa nikishona. Hakulia. Wauguzi walifanya walichoweza, wakaacha. Mume wangu ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na wakati huo alikuwa ziwani na wenzake. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye shuka jeupe, na shuka lile halikufunguliwa tena.

Aliyekuwa nami mle chumbani ni mama mkwe. Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana kweli.

"Ile rangi tuliona sisi wawili tu," alisema. "Bwana yako usimuambie. Yeye anarudiaka mu ziwa kila siku. Utamuweka na ile picha mu kichwa ya nini?"

Nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ni jambo la wiki moja au mbili, huzuni ikipungua basi na siri itapungua.

Haikupungua. Niliacha kushona kitambaa cha bluu. Fundi wa Gisenyi anayekataa sare za wasichana anajitafutia njaa, lakini mzazi akija na kitambaa chake namwambia cherehani imeharibika, naye anaisikia ikilia wakati anaondoka. Sokoni nilikuwa napita barabara ya juu, ya mzunguko, napanda na kikapu nikitokwa jasho, kwa sababu kila barabara fupi ya mji huu ukiinua macho mwisho wake ni ziwa. Siku za mawingu, ziwa likiwa la kijivu, nilipita njia fupi kama watu wengine.

Kisha akazaliwa huyu wa pili, msichana. Alitoka mwekundu kama nyanya, akipiga kelele hata mkunga akacheka. Muuguzi alipouliza jina, mume wangu akasema tutalileta. Nilifurahi kwa jibu hilo. Sikujua kwamba ndipo matatizo yanaanza, kwa sababu kila mtu nyumbani kwetu alikuja na jina, na kila jina lilikuwa na rangi yake.

Mama mkwe alitaka Gaju. Ni rangi ya ng'ombe, kahawia yenye wekundu, chai iliyotiwa maziwa kidogo. Alikulia upande wa Congo, kwenye milima ya Masisi, na kwao walikuwa na ng'ombe wa rangi hiyo ambaye yeye, kwa maelezo yake, ndiye aliyemkamua hadi walipohamia Rwanda. Ni jina zuri, wasichana wengi wanalo. Kilichonichosha ni namna alivyolishikilia. Alilisema akimwogesha mtoto, alilisema juu ya ukuta kwa majirani, alilisema mdomo ukiwa na viazi.

"Mutoto ni Gaju. Donc tumalize hii mambo."

Mume wangu naye akaja na la kwake. Alirudi asubuhi akinuka samaki na mafuta ya taa, hata hakunawa, akakaa ukingoni mwa kitanda akitabasamu kama aliyeficha kitu mgongoni.

"Mi nimeshapata jina," alisema. "Bururu."

Bururu ni bluu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, akaniambia, na walipokuwa wanarudi kulipokucha maji yalikuwa safi hata ungedhani yameoshwa. Wenzake walikuwa wanaimba kama kawaida ya wapiga makasia, naye akayaangalia yale maji, akawaza kwamba kitu kinachotulisha miaka yote hii hakina hata mtu mmoja kwetu aliyepewa jina lake. Akawaambia wenzake pale pale mtumbwini. Wote wakakubali. Walikuwa wameshaanza kumwita Papa Bururu, yaani baba yake Bururu.

"Unasemaje, mama?"

Nikamwambia maziwa yanamwagika jikoni. Hapakuwa na maziwa jikoni wala moto.

Msomaji asiyejua desturi yetu anielewe: jina hupendekezwa na kila mtu, hadi watoto wa majirani, lakini anayefunga ni baba. Baba akishatamka, limetamkwa. Kwa hiyo nilikuwa na muda hadi siku ya nane, siku ya kumtoa mtoto nje, nimwambie mume wangu ukweli, au nibebe rangi ile mdomoni maisha yangu yote. Nilijisikia nikisimama mlangoni jioni nikiita, "Bururu, njoo ule." Nilijiona nikimwandikia daftari la shule.

Nilijaribu. Alikuwa analala mchana, na mimi nakaa pembeni yake na mtoto mapajani, maneno yanapanda hadi kooni. Kisha namwona analala mdomo wazi, mkono mmoja umenyooka kuelekea alipo mtoto. Tangu msiba ule sikuwa nimemwona amelala namna hiyo. Nje ya pazia vinapita viatu vya mama mkwe, taratibu, vinasimama, vinaendelea. Nameza.

Nikajaribu kwa kuzunguka. Nikamwambia jina hilo ni la baridi.

"Maji ya Kivu haina baridi," akasema.

Nikamwambia linafaa mvulana.

"Rangi iko na mume na muke?"

Nikageuka nikamtetea mama mkwe. Nilisema Gaju, Gaju ndilo, nani asiyependa Gaju, nikasema kwa moto hata mama mkwe mwenyewe akaacha kupeta mchele akanitazama. Sisi wawili hatukuwahi kukubaliana hata kuhusu chumvi. Mume wangu akacheka, akasema tumeungana kumpinga, na kwamba yeye ndiye baba wa mtoto na atasema siku yake ikifika.

Basi nikawa situlii. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilifagia ua wa watu wote. Nilihamisha kitanda nikakiweka chini ya dirisha, ili nipate mwanga mzuri wa kuangalia midomo ya mtoto, na mama mkwe akalalamika kwamba upepo utamwingia. Dirisha lile linatazama uani, mahali watoto wa vyumba vya jirani wanapochezea, nami sikuwajali. Kufunua, mdomo, kucha, nyayo. Gatuku. Kufunika. Kurudi. Kufunua tena. Nilikuwa najua kabisa kwamba midomo haibadiliki rangi kwa muda wa kuanika soksi. Kujua hakukunisaidia kitu.

Siku yenyewe ikafika na mimi sijasema.

Wanawake wa kipangu chetu, ua tunaoishi pamoja, walipika maharage na dodo, mchicha wa kwetu, maziwa yakaletwa. Watoto wakapewa vijembe, wengine vijiti tu, wakalima nyuma ya jikoni, pale ambapo chini ni jiwe la volkano na hakijawahi kuota hata kitunguu. Ndivyo desturi inavyotaka, walime kidogo, kisha mtu awamwagie maji aseme mvua imekuja. Mama mkwe aliifanya kazi hiyo kwa bidii mno. Watoto waliingia ndani mbio wakiwa wamelowa, wakazunguka ungo, wakala kwa mikono.

Mume wangu alivaa shati lililopigwa pasi. Wenzake wa mtumbwini walikaa kwenye benchi ukutani, magoti yamebanana, na mmoja wao akamwita Papa Bururu, kicheko kikapita benchi zima. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na mtoto. Kidole gumba changu kilikuwa kimeshaanza safari ya kwenda mdomoni mwake mama mkwe alipoushika mkono wangu na kuurudisha pajani, polepole, bila kunitazama.

Watoto walipoanza kushiba, ukafika wakati wao wa kutoa majina. Hapo ndipo watu huchekea, maana watoto husema chochote, jina la mbwa, jina la biskuti. Mume wangu akaanza na msichana wa chumba cha jirani, aliyekuwa hana meno ya mbele.

"Mutoto wetu tumuite nani?"

Msichana akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi.

"Si iko na jina?"

"Jina gani?"

"Gatuku."

"Gatuku," wakaitikia wengine, maharage mdomoni.

"Nani alimupa?"

"Mama yake. Anamuitaka kila saa. Anasema Gatuku, anaenda. Anarudi, anasema Gatuku, anaenda."

Na kwa kuwa watu wazima walionekana hawajaelewa, akawaonyesha. Alimlaza mdogo wake kwenye sakafu, na yule mdogo akalala mara moja, akafumba macho, kama mtu anayejua nafasi yake. Dada akainama. Akamshusha mdomo kwa kidole gumba, akachungulia. Akamshika vidole kimoja kimoja. Akamvua kiatu. Akasema "gatuku" kwa sauti ambayo niliitambua, akatembea hatua chache, akasimama, akakunja uso, akarudi mbio, akainama tena. Kumbe ulikuwa mchezo wao. Walikuwa wanaucheza chini ya dirisha langu wiki nzima, wakipokezana kuwa mimi.

Benchi zima lilicheka. Wanawake walicheka. Na haki yao, kwa sababu alikuwa ameniweza kabisa, hadi ule uso. Mimi nilihisi masikio yanaungua.

Mume wangu naye alicheka, kisha akaacha.

"We ulishamupa jina," aliniambia, "na mi hukuniambia?" Alijaribu kusema kwa utani lakini nilisikia kwamba imemuuma. "Kwa nini Gatuku?"

"Ni mambo ya bamama," mama mkwe akadakia. "Bon, tuendelee, hawa wengine nao waseme."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na ningeweza kutoka. Watoto walikuwa wengi, majina yangeendelea, mwishoni angesimama na shati lake zuri na kutamka Bururu, na watu wangepiga makofi.

"Kwa sababu ule wa kwanza alikuwa bluu," nikasema.

Watoto waliacha kutafuna.

"Midomo yake. Na vidole. Ulifika wakiwa wameshamufunga, hukumuona. Mi nilimuona. Sasa kila saa naangalia kama huyu naye..." Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kitenge cha mtoto, na hata hapo, nakiri, nilikuwa natazama kama yamemgusa usoni.

Mume wangu aligeuza uso akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na kutoka alipokaa ziwa lilikuwa linaonekana, kipande tu, kati ya paa mbili. Kisha akamgeukia mama yake.

"Na we, mama, ulijua."

Mama mkwe aliinuka, magoti yakalia, akaja akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akaenda naye hadi mlangoni penye mwanga. Akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Akaangalia. Akashika mkono, akapitisha jicho kwenye kucha. Akavuta soksi, akaugeuza unyayo juani. Hakusitasita hata mahali pamoja. Hakuwa ameyajifunza hayo kwa yule msichana dakika chache zilizopita. Nikakumbuka alivyokuwa akimwogesha mtoto muda mrefu kila asubuhi, mlango umefungwa, na jinsi alivyokuwa akiimba Gaju, Gaju, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

"Gatuku," akasema.

"Si tulisema?" akauliza yule msichana.

Mume wangu akasimama. "Munionyeshe," alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Mama yake akampa mtoto. Nami nikaenda nikamshika mkono, nikamwelekeza, maana kidole chake ni kinene na kigumu kwa kamba za nyavu, na alikuwa anaogopa kukitumia. Alibonyeza vibaya. Mtoto akaamka, akakasirika, akafungua kinywa chote akapiga kelele iliyotoka hadi barabarani. Ndani ulikuwa wekundu mtupu, ulimi, fizi, koo. Baba yake akauangalia. Aliangalia sana, machozi yakimtiririka mbele ya wenzake wote wa mtumbwi, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akafunga jina, kama desturi inavyosema, na halikuwa la ziwa.

Siku hizi Gatuku ana meno. Nikimshusha mdomo ananing'ata, na bibi yake ameshang'atwa, na baba yake akirudi asubuhi huanzia kwa mtoto, kisha huja kunionyesha kidole, alama za meno zikiwa bado zinaonekana.